Mama Studio na Nakala ya Kumi

Ukiona mtu wa Singida amepewa picha mkononi akaanza kwa kuigeuza nyuma, ujue huyo amepita kwa Mama Studio. Sisi wengine tunatazama mbele kwanza, kama binadamu. Wateja wake yeye aliwaharibu. Alikuwa anakukabidhi picha ikiwa imelala kifudifudi, anakuangalia, na kama hukusoma nyuma hadi mwisho anaichukua tena. "Hujamaliza," anasema. "Bado haijawa yako."

Mimi ni fundi wa fremu. Karakana yangu ipo Utemini, ukuta mmoja na studio yake, na miaka yote hiyo nimepiga misumari huku namsikia anagombana na watu upande wa pili. Alizaliwa wapi na ukoo gani, sikuwahi kuuliza, na umri wake wa kweli hakuwahi kuusema. Alikuwa na miaka hamsini na tano kwa muda mrefu sana. Mama huyu, ambaye hakubali hata mwaka mmoja ukosewe kwenye lebo ya picha, umri wake alikuwa anaudanganya mchana kweupe, mbele ya watu waliosoma naye! Nilimwambia siku moja, "Mama Studio, na wewe tukuandikie lebo basi, tujue ulianza lini." Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mimi siuzwi, Fundi. Lebo ni ya vitu vinavyouzwa."

Studio yake mbele ilikuwa kama studio zote: kiti, kitambaa cha bluu, picha za pasipoti, watoto wanaolia wakiona taa. Lakini nyuma ya pazia ndiko alikoishi kweli. Huko alikuwa na printa kubwa ya wino, imefunikwa kitenge kama bibi harusi, na mabunda ya karatasi nzito ya pamba ambayo hukuruhusiwa kuigusa kama umetoka kula. Picha za pasipoti alizipiga ili printa ile ipate wino. Picha alizozipenda yeye ni nyingine: wanawake wanaochambua vitunguu, mawe makubwa ya kando ya ziwa, alizeti zimeinamisha vichwa, mzee na kuku wake wa kienyeji sokoni Ikungi. Hizo alizichapa kubwa, chache, akaziuza kwa wanaotaka kitu cha kutundika sebuleni.

Hapo ndipo lebo inapoingia. Jina la picha. Nani amepigwa. Mahali. Mwaka ilipopigwa na mwaka ilipochapwa, kwa sababu alikuwa anasema hayo ni mambo mawili na asiyejua hivyo asiuze picha. Aina ya wino, aina ya karatasi. Ni nakala ya ngapi kati ya ngapi. Sahihi yake. Halafu namna ya kuitunza. Nyuma ya karatasi yenyewe aliandika kwa penseli tu, kwa mkono mwepesi, maana kalamu ya wino hupenya ikatokea mbele. Lebo ndefu niliibandika mimi nyuma ya fremu, kwa gundi aliyoniletea mwenyewe, kwa sababu gundi yangu ya mbao alisema inakula karatasi. Inakula! Gundi niliyoitumia tangu nianze ufundi. Tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya gundi, akawa ananisalimia kwa kugonga ukuta.

Na bado, nenda jikoni kwake uone maajabu. Kopo lililoandikwa kahawa lina chumvi. La maziwa ya unga lina dagaa. Mafuta ya alizeti yako kwenye chupa ya maji, na maji yako kwenye dumu la mafuta. Nilimuuliza mbona huku haandiki. Akanitazama kama mtu niliyemtukana. "Huku nipo mwenyewe. Mtu akitaka chumvi si ataniuliza?" Nadhani hapo ndipo nilipomwelewa. Singida tunanunua kwa kumtazama mtu usoni. Muuza mafuta barabarani hujali chupa yake imeandikwa nini, unamwangalia yeye, unakumbuka mama yake, unanunua. Lakini picha huondoka. Inafika Dodoma, inafika Arusha, inarithiwa na watoto wasiomjua hata mmoja wetu. "Lebo," alikuwa anasema, "ni mimi nikiwa sipo."

Mwanzoni aliziandika kwa Kiingereza, akidhani ndivyo picha za heshima zinavyotakiwa. Kilichomtoa huko ni Mama Haji, mke wa muuza bati wa mjini, mwanamke msafi kupita kiasi. Alinunua picha ya mawe ya ziwani, akaitundika, akaipenda. Ikafika Idd. Mnajua nyumba zetu siku ya kuamkia Idd: kila kitu kinaoshwa, hata kisichooshwa. Ile picha niliifungia fremu isiyo na kioo, kama alivyotaka Mama Studio. Mama Haji akaifuta kwa kitambaa cha maji na sabuni, kama alivyozoea kufuta zile picha ngumu zinazong'aa za zamani. Ziwa likatembea mpaka kwenye zulia.

Alikuja nayo imefungwa kwenye khanga, machozi na hasira pamoja. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia. Nyuma."

"Umeandika Kizungu, mama! Tena nyuma, imegeukia ukuta! Nani anasoma ukuta?"

Nilisubiri mlipuko. Kisha nikamsikia Mama Studio akisema polepole, "Hilo umeshinda." Wallahi, nilitoka na nyundo mkononi nikaone kwa macho yangu. Tangu siku hiyo lebo zote zikawa Kiswahili, na sharti la maji likawa mstari wa kwanza. Mama Haji alichapiwa nyingine. Lakini kwanza iliyoharibika ilikatwa vipande kwa mkasi, mbele yake, na lebo ya ile mpya ikaandikwa kwamba ni nakala ya tatu iliyochapwa tena baada ya ile ya awali kuingia maji, ikaharibiwa. Mama Haji hakupenda aibu yake iandikwe nyuma ya picha. "Sasa kila mtu atajua!" "Atajua zipo kumi na si kumi na moja," Mama Studio alimwambia. "Wenzako tisa wananitegemea."

Hiyo kumi ndiyo ilikuwa dini yake. Picha moja, nakala kumi, basi. Faili linafungwa, hata aje nani. Nilimwona akikataa oda ya kumi na moja ya alizeti huku printa inadai wino na mimi nadai pesa ya mbao. Kuna vijana wa stesheneri walikuwa wanachapa picha za kuvuta kwenye mtandao na kubandika karatasi ya dhahabu imeandikwa ORIJINO. Wateja wakamwuliza yake kwa nini haina dhahabu. Akawa anawajibu kwamba yake imechapwa kwa printa, kwa wino, na yeye ndiye aliyeipiga na kuichapa, na anayetaka dhahabu aende kwa sonara. Mteja mmoja alimwuliza itadumu miaka mingapi, miaka mia? "Mimi nitakuwepo nihakikishe? Weka mbali na jua, uniombee dua." Hilo la dua hakuliandika, lakini nadhani alitamani.

Alikuwa na sharti jingine ambalo sijaona kwa mwingine. Nakala ya mwisho, ya kumi, haiuzwi. Ni ya mwenye uso. Uliyempiga picha, ukauza sura yake kwa watu tisa, wa kumi ni yeye. Na lebo yake inaandikwa anavyotaka yeye kuitwa.

Ndivyo nilivyomfahamu bibi wa Mungaa. Mama Studio alimpiga picha akipepeta uwele juu ya jiwe, siku ya upepo wetu huu wa Singida unaokuondolea kofia. Makapi yameruka upande mmoja kama moshi, yeye amesimama wima, ungo juu, anacheka na mtu asiyeonekana. Nimefunga fremu nyingi maishani. Ile nilipoitoa kwenye karatasi nilikaa chini.

Twende nikupeleke ukampe nakala yake, nilimwambia Mama Studio, maana mimi nina kirikuu, kigari changu cha mizigo. Tukapita Ikungi, tukaingia Mungaa, tukamkuta uani anaanika mboga. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za mvua. Wakaingia kwenye Kinyaturu wote wawili wakanisahau. Mwishowe Mama Studio akatoa penseli. "Nikuandike nani?"

"Mama Tekla. Wote wananiita hivyo."

Akaandika. Tukaaga, tukapanda gari. Tulipokuwa tunageuza, bibi akaja mbio, mkono juu. "Futa! Futa hiyo! Andika Veneranda." Akavuta pumzi dirishani. "Tekla ana picha zake."

Mama Studio alifuta pale pale, kwenye goti lake, akaandika upya, akamwonyesha. Bibi akaitazama ile herufi ya kwanza muda mrefu. Njiani kurudi Mama Studio aliishika ile penseli mkononi hadi taa za mjini, na kwa mama yule hiyo ilikuwa ibada.

Lakini nakala yake bibi hakuichukua. Nyumba yake ni tembe, udongo juu, na masika inavuja. "Nitunzie mpaka nipate bati," alisema. Ikakaa studio, imefungwa, imeshaandikwa lebo: nakala ya kumi kati ya kumi, mali ya Veneranda, Mungaa. Misimu ikapita. Bati haikuja. Mara alizeti ikashuka bei, mara mjukuu akaumwa.

Ndipo akaja dada wa hoteli. Hoteli mpya kubwa, Dodoma, na yeye ndiye mwenye kazi ya kuchagua picha za ukutani. Dada mwenye adabu, alipiga shikamoo mpaka kwangu mimi ambaye bado sijazeeka. Alikuwa ameiona picha ya kupepeta uwele kwenye nyumba ya mtu, akaigeuza, akasoma, akafunga safari. Alitaka mfululizo mzima, vitunguu, mawe, mzee na kuku, vyote. Lakini mapokezi, pale mtu anapoingia tu, alitaka Veneranda. Bosi wake alikuwa amesema bila hiyo asilete nyingine.

Niliweka randa chini nikasikiliza. Msijidanganye, mama yule alikuwa na kiu. Maisha yake yote watu walimwambia hiyo yako ni kopi tu ya printa, siyo sanaa. Ukuta wa namna ile, wageni kutoka kila pembe wakipita mbele ya kazi yake, ndicho kitu alichokitaka kuliko pumzi. Nilijua kwa jinsi alivyokohoa.

"Zimeisha," alisema.

"Na ile iliyofungwa pale?"

"Ina mwenyewe."

"Basi tuchapie nyingine, mama. Andika toleo la pili. Kubwa kidogo, iwe tofauti."

Hapo mimi nilishindwa. Nikaingia mle ndani na vumbi langu la mbao. "Mama Studio, chapa! Kumi na moja tu! Hao tisa watajuaje?"

Akanigeukia. "Watu tisa wameitundika kwenye kuta zao kwa sababu nimewaandikia kwa mkono wangu kwamba ni kumi. Nikichapa leo, nimewadanganya wote tisa kwa mpigo, wakiwa wamelala majumbani kwao. Toka na vumbi lako." Nikatoka. Lakini nilimsikia, dada alipoomba muda hadi kesho yake, sauti yake ikikatika alipomwitikia. Alikuwa analia, mama yule jeuri, na mimi nilikaa karakana nikajisikia vibaya mno.

Asubuhi aligonga ukuta. "Washa kirikuu. Tunakwenda Mungaa. Dada naye."

Nilidhani anakwenda kumbembeleza bibi auze. Hapana. Alimwekea bibi mambo yote mezani, kavu kavu, mbele ya dada. Kwamba hoteli inaitaka. Kwamba ni yake, si ya studio. Kwamba akiuza atapata bati ya nyumba nzima na ziada, na hakuna wa kumlaumu. Kisha akaweka mikono mapajani, akimwachia mtu mwingine ndoto yake yote aiamulie. Sikuwahi kumheshimu kama siku ile.

Veneranda alitazama paa lake. Akatazama mbuzi. "Nikiuza," alisema, "nitaezeka nyumba isiyo na picha yangu."

Dada akainamisha kichwa. Mimi nikaanza kutafuta funguo za gari.

"Lakini," bibi akaendelea, "kwani ng'ombe wa mtu lazima alale kwa mwenyewe? Baba yangu alikuwa na ng'ombe kwa watu vijiji vitatu. Wanamlisha wao, maziwa wanakunywa wao. Ng'ombe ni wa baba." Akamgeukia dada. "Nyie hamvuji?"

"Hatuvuji, bibi."

"Basi nawakabidhi mnilelee. Mtazameni mtakavyo, hayo ndiyo maziwa. Nikimtaka, namfuata."

Mama Studio alikuwa ameshashika penseli. Na bibi akainua kidole: "Na ndama?"

"Ndama gani, bibi?"

"Ng'ombe akikaa kwa mtu anazaa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Kila mavuno mtaniletea ndama."

Jamani, tulicheka mpaka mbuzi wakakimbia! Dada alicheka huku anafuta macho, akatoka nje kumpigia bosi wake, akazunguka zizi mara kadhaa na simu sikioni, na sisi tukahesabu pumzi. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Bosi mwenyewe ni mtu wa Bara huku huku, mtoto wa wafugaji, na alipoelezwa habari ya ndama alikubali bila swali la pili. Ndama wa kwanza atakuwa bati.

Mama Studio aliandika lebo mpya pale pale, juu ya ungo uliopinduliwa. Alifuta mara nyingi. Mali ya Veneranda wa Mungaa. Imekabidhiwa hoteli kulelewa. Ndama ni wa mwenyewe. Nikamwambia hayo si maneno ya lebo ya picha. "Ni kweli au si kweli?" Ni kweli, nikamjibu. "Basi ni ya lebo." Na safari hii hakuificha nyuma. Aliniagiza nakala ya lebo hiyo niitengenezee fremu ndogo, ikae ukutani kando ya picha.

Ilipofika siku ya kufungua, nilivaa kanzu, nikawabeba Mama Studio na bibi hadi Dodoma. Mama Studio alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mlango ukafunguka wenyewe, na hizo hapo, kazi zake, vitunguu upande huu, mawe upande ule, wageni na mabegi wamesimama wanatazama. Na ukutani mbele, mkubwa, makapi yakiruka, Veneranda. Mama Studio alinishika mkono akaubana hadi pete ikaniumiza. Watu walikuwa wanasogea, wanasoma, wanarudi kuitazama picha, wanasoma tena.

Bibi alisogea kwenye ukuta kama mwenye ng'ombe anavyokwenda kukagua zizi la jirani. Ni mfupi yule bibi. Akasimama chini ya ile lebo, akainua kidevu, akanyoosha shingo. Kisha akamtafuta meneja kwa macho akampata, kijana mrefu wa tai, akamwita kwa kidole.

"Mbona mmeniweka juu hivi? Mtu kama mimi atanisomaje?"

Meneja akaeleza kwa heshima kwamba ukuta ni mpya, rangi ndiyo kwanza imekauka, matundu yataonekana. Bibi akamsikiliza hadi mwisho. Akakaa kwenye sofa la mapokezi, akapanga khanga yake magotini. "Nasubiri," alisema.

Wageni walisimama. Meneja akamtazama Mama Studio, kama mtu anayeomba msaada. Mama Studio akainua mabega. "Usinitazame mimi, mwanangu," akamwambia, na nilisikia furaha imejaa kwenye koo lake. "Mwenye mali ni yule."

Ikaletwa ngazi. Ikaletwa drili. Rangi mpya ikatobolewa, vumbi jeupe likamwagika kwenye marumaru, na mimi, fundi mtu mzima, nilishika upande mmoja wa fremu huku machozi yananitoka mbele ya watu. Tuliishusha, picha na lebo yake, mpaka bibi alipoinua mkono kusema hapo hapo. Akaja. Macho yake yakawa sawasawa na maneno. Akasoma jina lake kwa sauti, taratibu, hadi Mungaa, hadi ndama, na ukumbi wote ukapiga makofi. Mama Studio alipiga vigelegele, mara ya kwanza namsikia, vikali vya kupasua kioo.

Veneranda akasubiri makofi yaishe, akamgeukia meneja.

"Haya," akasema. "Sasa nileteeni chai."